Sinbu: Padri ao Bibi-arusi? Maneno ya Kikorea yenye sauti moja

Tulipokuwa masomoni ngambo, tulikaa nyumba moja na padri kijana wa Korea ya Kusini. Siku moja wakati wa chakula tulimwuliza ginsi watu wa kwao wanavyomwita padri. Akajibu: «Sinbu.» Tukalikariri neno lile mara mbili tatu ili tulishike. Ndipo akaweka kijiko chini, akaanza kucheka. «Jihadharini, kwani kwetu bibi-arusi naye ni sinbu. Tena si kufanana tu: ni sauti ile ile, na tukiandika kwa alfabeti yetu, ni mwandiko ule ule.»

Tulidhani anatutania. Lakini alichukua kipande cha karatasi, akaandika 신부, akasema: «Huyu ni padri, na bibi-arusi ni huyu huyu.» Kisha, chini yake, akaandika kwa herufi za Kichina, kwanza 神父, halafu 新婦. Hapo hata sisi tusiojua kusoma herufi hizo tuliona ya kuwa ni maneno mawili. Katika lile la kwanza mna «roho ya kimungu» na «baba»; katika la pili mna «mpya» na «mke».

Karatasi ile tungali nayo. Tulimwuliza mengi siku zilizofuata, kisha tukasoma sisi wenyewe, na hapa twawapa ndugu zetu wa seminari, mapadri na wakatekista, yale tuliyoyapata. Anayefundisha dini kwa lugha ya watu ataona upesi ya kuwa jambo hili si la Wakorea peke yao.

Kwetu pia yako maneno yenye sauti moja. Mtu akisema «paa», aweza kutaja sehemu ya juu ya nyumba, ao mnyama wa porini, ao tendo la ndege kwenda juu. Akisema «kaa», labda ni amri ya kukaa, labda ni kipande cha makaa, labda ni mnyama wa majini aendaye upande upande. Lakini maneno ya namna hiyo si mengi kwetu, nayo yalikutana kwa bahati tu, kila moja likitoka njia yake. Katika Kikorea ni mengi mno, na karibu yote yalipitia mlango mmoja, mlango wa China.

Yafaa kujua kwanza ya kuwa Kikorea si mtoto wa Kichina. Mpango wake ni mwingine kabisa. Mkorea huweka tendo mwisho wa sentensi, na nyuma ya majina hubandika vipande vidogo vya kuonyesha nani anayetenda na nani anayetendewa. Mchina hana mambo hayo. Walakini kwa karne nyingi China ilikuwa kwa Korea kama Roma ilivyokuwa kwa Ulaya. Vitabu vya Konfusio na vya dini ya Buddha vilifika kwa Kichina. Amri za mfalme ziliandikwa kwa Kichina. Tangu mwaka 958 mpaka mwaka 1894, kijana aliyetaka kazi kubwa ya serikali alipimwa kwa mtihani wa vitabu vya Kichina. Basi maneno yakaingia kwa wingi, hata leo zaidi ya nusu ya maneno ya kamusi ya Kikorea yana asili ya Kichina. Maneno ya nyumbani, kama mama, maji, mkono, kula, yalibaki ya Kikorea. Maneno ya shule, ya sheria, ya uganga, ya serikali na ya dini yakawa ya Kichina.

Waseminari waliosoma Kilatini na Kifransa wanao mfano karibu nao. Walatini walisema sanus, sanctus, sinus, cinctus, na hakuna awezaye kuyachanganya. Wafransa waliyapokea, wakayatafuna karne kwa karne, na leo yote manne hutamkwa sawasawa: sain, saint, sein, ceint. Sikio limeshindwa. Jicho ndilo linalosaidia, kwani mwandiko umetunza mabaki ya Kilatini. Sasa mfikiri ya kuwa serikali ya Ufaransa ingeamuru kuandika maneno hayo manne kwa namna moja tu, kama yanavyosikika. Hapo mngekuwa karibu sana na hali ya Korea.

Lakini kwa nini maneno ya Kichina yalifanana hivi yalipoingia Korea? Kichina cha zamani kilikuwa lugha ya maneno mafupi: silabi moja, neno moja, herufi moja. Ili silabi chache zitoshe kwa mambo mengi, Mchina hupandisha sauti ao huishusha, na kwa kupanda na kushuka huko maneno hutengana. Ndiyo toni. Sisi Wakongo hatuhitaji mafasirio marefu juu ya toni. Kiswahili hakina, lakini lugha nyingi za mama zetu zinazo. Mtazame Lingala: mwandiko wa kila siku huandika «moto» kwa mtu, «moto» kwa moto wa kupikia, na «moto» kwa kichwa, lakini mwenye lugha asikiapo hakosei, kwani sauti haipandi mahali pamoja. Mgeni ambaye sikio lake halijazoea huandika yote sawa, halafu hushangaa watu wakimcheka.

Wakorea waliyatenda maneno ya Kichina hivyo hivyo. Walishika silabi, na toni ya Mchina ikapotea njiani. Kweli, Kikorea cha karne ya 15 kilikuwa na kupanda na kushuka kwake chenyewe, hata vitabu vya wakati ule vilitia nukta kando ya silabi: nukta moja kwa sauti ya juu, mbili kwa sauti inayopanda. Baadaye nukta zikaachwa, na huko Seoul toni yenyewe ikafa. Watu wa kusini-mashariki, pande za Busan na Daegu, wangali na mabaki yake katika usemi wao, nao wa Seoul huwatambua mara moja.

Tena si toni peke yake iliyopotea. Chukueni silabi seong. Itamkeni karibu kama «song», midomo ikiwa wazi. Iko seong maana yake takatifu. Iko seong nyingine maana yake tabia ya kitu ao ya mtu, tena ya kuwa mume ao mke. Iko seong ya ukuta wa mji, seong ya nyota, seong ya jina la ukoo, seong ya sauti, seong ya kutimia. Kila moja ina herufi yake. Akizisoma Mchina wa leo, nyingine atasema sheng, nyingine xing, nyingine cheng, pamoja na toni zake. Kwa Mkorea zote ni seong, basi.

Wala tusiwasingizie Wakorea kwamba waliharibu kila kitu walichopewa. Yako mambo waliyoyatunza kuliko wenye mali. Zamani maneno mengi ya Kichina yalikuwa na k, p ao t mwishoni. Beijing imezisahau sauti hizo: nchi ni guo, kujifunza ni xue, sheria ni fa. Mkorea bado husema guk, hak, beop. Hata hivi, toni ndiyo iliyokuwa ukuta mkubwa wa kutenga maneno, na ukuta ule ulibomoka. Nne ni sa, na kufa ni sa. Kwa Kichina pia yanakaribiana, ila toni huyatenga. Kwa Kikorea hakuna cha kuyatenga. Ndiyo sababu ukiingia Korea katika asanseri, ile sanduku ya umeme ya kupandisha watu katika nyumba za gorofa, mara nyingi utaona 1, 2, 3, halafu herufi F, halafu 5. Mgonjwa hapendi kulazwa katika gorofa ya kufa.

Wachina na Wakorea wote walipata dawa moja: kuunga silabi mbili pamoja. Seong peke yake haijulikani. Seongdang, yaani «takatifu» na «nyumba kubwa», ni kanisa tu. Seonggyeong ni Maandiko Matakatifu. Dawa hiyo yaponya mengi, lakini siyo yote. Seongin ni mtakatifu, na seongin ni mtu mzima aliyetimiza miaka. (Padri yule alituambia ya kuwa katika parokia yake hakuna aliyepata kuwa wa kwanza bila kupitia kwa wa pili, lakini wengi hubaki katika wa pili.) Sudo ni maisha ya utawa, na sudo ni mji mkuu wa nchi, na sudo ni bomba la maji. Gido ni sala, ni kujaribu jambo, tena ni njia ya pumzi kooni. Iseong ni akili ya kupambanua, ile ratio ya Mtakatifu Toma wa Akwino, na iseong ni mtu wa jinsia nyingine. Gohae ni kuungama dhambi. Kwa mabuddha gohae ni bahari ya mateso, ndiyo dunia hii.

Mengine hata yanapingana uso kwa uso. Banghwa ni kazi ya kuzuia moto usiwake; na banghwa ni kosa la kuchoma nyumba kwa makusudi. Katika michezo, yeonpae ni kushindwa mfululizo, na yeonpae ni kutwaa ubingwa mfululizo. Msomaji wa gazeti sharti aangalie picha ya wachezaji kama wanalia ao wanacheka.

Neno linalotupendeza kuliko yote ni buja. Buja ni tajiri. Na buja ni baba na mwana wake. Katika Evanjili ya Luka, sura ya 15 ni habari ya baba na mwana mpotevu, na sura ya 16 ni habari ya tajiri na Lazaro: buja nyuma ya buja. Wazee wa Seoul waliyatenga kwa kuvuta silabi ya kwanza ya tajiri, buuja, kwani mvuto ule ni mabaki ya toni ya zamani iliyokufa. Kamusi bado huuonyesha. Lakini vijana hawauvuti tena, na wengi wao hawasikii tofauti hata mzee akiivuta mbele yao.

Mtauliza: watu hao waliishije na matata haya miaka yote? Kwa muda mrefu waliishi kwa jicho. Msomi aliandika herufi za Kichina, na herufi haikuacha shaka. Lakini mkulima, mwanamke, mtumwa hakuwa na miaka kumi ya kujifunza maelfu ya herufi. Mfalme Sejong aliona hayo, akatunga alfabeti mpya mwaka 1443, akaitangaza mwaka 1446, kusudi watu wadogo waweze kuandika wanayotaka kusema. Leo ina herufi 24, na mtoto mwenye akili huzishika kwa siku chache. Ndiyo inayoitwa Hangul. Wasomi wengi waliidharau karne nyingi. Waliiona kazi ya wanawake na watoto.

Hapa Kanisa laingia katika hadithi. Wakorea walipata imani kwa kusoma, mbele ya kumwona mmisionari ye yote nchini mwao. Wasomi walipokea vitabu vya Kichina kutoka Beijing, kati yavyo kile cha Padri Matteo Ricci juu ya Bwana wa mbingu, wakavizungumza wao kwa wao. Na mwaka 1784 mmoja wao, Yi Seung-hun, alibatizwa Petro huko Beijing, akarudi na vitabu vingine. Kwa hiyo maneno yao ya dini yalikuja katika mavazi ya Kichina: Cheonju, Bwana wa mbingu, seongsa, sakramenti, serye, ubatizo. Augustino Jeong Yak-jong, msomi wa jamaa kubwa, aliona ya kuwa vitabu hivyo havitafika kwa watu wadogo. Akaandika katekismu kwa Hangul, akaiita Jugyo yoji, akauawa kwa ajili ya imani mwaka 1801. Kitabu chake kilisomwa na watu wasiojua herufi hata moja ya Kichina. Na mwangalie jina lake: jugyo hapo maana yake ni dini ya Bwana, kwa mkristu wa leo jugyo ni askofu, tena kwa herufi zile zile za Kichina. Basi hata herufi zenyewe haziokoi sikuzote.

Mwaka 1948 serikali ya Korea ya Kusini ilitoa sheria ya kuandika karatasi za serikali kwa Hangul. Korea ya Kaskazini pia iliacha herufi za Kichina miaka ile. Huko Kusini magazeti yaliendelea kuchanganya muda mrefu, halafu polepole yakaacha. Shule zilipewa orodha ya herufi 1,800 mwaka 1972, lakini mwanafunzi wa leo aweza kumaliza masomo akijua chache sana. Kwa hiyo maneno yale ya zamani, yaliyotungwa kwa ajili ya jicho, sasa yanaishi kwa sikio tu.

Hasara ipo. Thomas An Jung-geun, mkristu, ndiye aliyempiga risasi Mjapani Ito Hirobumi huko Harbin mwaka 1909, na Wakorea humheshimu kwa cheo cha uisa, yaani mwenye haki aliyejitoa kwa ajili ya taifa lake. Lakini uisa ni pia mganga wa hospitali, na mtoto asiyejua herufi aweza kujiuliza alitibu wagonjwa gani. Tena mwezi wa 8 mwaka 2022 duka moja la kahawa huko Seoul lilikosea mambo ya kuandikisha watu kwa mkutano, likatangaza kwamba laomba msamaha wa «simsim». Neno hilo, lenye asili ya Kichina, maana yake ni «wa kina kirefu». Lakini Kikorea cha nyumbani kinalo simsim yake, nayo maana yake ni kukaa bila kazi na kuchoka. Vijana wakakasirika sana: Mmetukosea, na sasa mnatuomba msamaha wa kuchosha? Nchi nzima ikabishana siku nyingi. Hata neno la kuomba msamaha, sagwa, ni pia jina la tunda la tofaa, lakini juu ya hilo hakuna aliyekasirika.

Basi wako wanaosema: Turudishe herufi za Kichina vitabuni. Wengine wanajibu: Sejong alitukomboa, msiturudishe utumwani. Shauri hilo lilifika mbele ya korti kubwa ya katiba, nayo mwaka 2016 ilihukumu ya kuwa sheria ya kutumia Hangul haipingani na katiba. Sisi wageni hatuna kura. Lakini tukiulizwa, twaona ya kuwa korti haikukosa. Mwandiko unaosomwa na watu wote ni mali kubwa kuliko mwandiko usioacha shaka, na katekismu ya Jeong Yak-jong ni shahidi. Lakini anayefundisha ni mwingine na anayefundishwa. Mwalimu asiyejua neno lake lilitoka wapi atalifasiri kwa kubahatisha, na wanafunzi wataibeba bahati yake maisha yao yote. Padri yule, ijapokuwa alizaliwa wakati wa Hangul, alijifunza herufi seminarini kwa shida nyingi, wala hakujuta.

Katika maisha ya kila siku watu hawapotei kama tunavyodhani. Maneno ya jirani hulinda neno: anayesema juu ya pete na karamu hasemi juu ya padri. Adabu nayo hulinda. Hakuna mkristu amwitaye padri sinbu tu. Husema sinbu-nim, na kile kipande nim ni cha heshima. Wanaongeza neno: hawasemi gohae peke yake, bali gohae-seongsa, sakramenti ya kuungama. Na mhubiri mwenye busara, akiona neno lina sura mbili, hulisema kwa neno la Kichina kisha hulirudia kwa Kikorea cha mama yake.

Tena iko njia moja nzuri sana. Kila herufi ya Kichina ina jina lake katika Kikorea, nalo ni maneno mawili: kwanza maana kwa Kikorea cha nyumbani, kisha sauti ya Kichina. Mtu akisema cheon, nawe huelewi, utamwuliza: Cheon gani? Atajibu: haneul cheon, yaani cheon ya mbingu. Ao naecheon, cheon ya mto. Ao saemcheon, cheon ya chemchemi. Ao tena cheonhal cheon, cheon ya unyonge, ya mtu wa kudharauliwa. Kwa sikio, mbingu na unyonge ni sauti moja.

Wachinjaji wa ng'ombe walihesabiwa zamani katika cheonmin, watu wa unyonge. Hata mtoto wa mkubwa aliweza kumwita mchinjaji mzee kama anavyoita mtoto. Simoni Hwang Il-gwang alikuwa mmoja wao. Alipoingia katika dini, wakristu wa jamaa kubwa walimkaribisha nyumbani mwao na kumketisha pamoja nao kama ndugu. Naye alizoea kusema ya kuwa kwake yeye mbingu ni mbili: moja ni hapa duniani, kwa namna anavyopokewa, na nyingine ni ile itakayokuja. Aliuawa huko Hongju mwaka 1802. Papa Fransisko alimtangaza mwenye heri huko Seoul mwaka 2014, pamoja na Augustino Jeong Yak-jong na wenzao; wote ni 124. Padri yule alipokwisha kutusimulia habari hiyo, aliigeuza karatasi yetu, akaandika nyuma yake herufi mbili za cheon, ya mbingu na ya unyonge, moja kando ya nyingine.